Mama Pindo na Mzigo Alioushonea Koti

Saa moja na robo asubuhi, Mama Pindo anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Anaushika kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Vidole viwili vilivyobaki vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, vimejikunja kiganjani na havishiriki. Uzi unakosa tundu mara nne. Mara ya tano unapita, naye anashusha pumzi kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa tatu na ndoo ya maji.

Chumba chake kiko chini ya jengo kuu la hospitali, kati ya dobi na stoo ya dawa. Kina dirisha moja karibu na dari, na kwa dirisha hilo huonekana viatu vya wapita njia, basi. Kuna meza tatu, cherehani mbili, pasi kubwa ya mvuke, na mashuka yaliyopangwa kumzidi mtu kimo. Hapa mashuka ya wodi zote huletwa yanapochanika, na hapa hukatwa na kushonwa majoho ya kijani ya chumba cha upasuaji.

Ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameikalia kwenye stuli hii. Jina la Mama Pindo alipewa na wauguzi, kwa sababu hawezi kuona pindo limefumuka akanyamaza. Atamsimamisha daktari bingwa kwenye korido, apige goti, ashone, ndipo daktari aruhusiwe kwenda kuokoa maisha ya watu.

"Huyu mkono wake haungoji ruhusa," anasema Bi Pasi, mama wa miaka hamsini na minane anayenyoosha nguo meza ya pili. "Siku moja alimshona suruali mgeni wa mkurugenzi, mgeni kasimama nayo, anaongea na simu, hana habari. Alipokata simu, suruali imeshapona."

Mama Pindo anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye shuka. Zamani alikuwa akimaliza mashuka arobaini kwa siku. Siku hizi akifikisha kumi na tano anashukuru Mungu. Msimamizi wake ameshamwita na kumwambia, kwa upole, kwamba mkono usiporudi atahamishiwa mlangoni kuhesabu mashuka yanayoingia na kutoka, na cherehani itapewa mtu mwingine.

"Kuhesabu ni kazi halali, sikatai," anasema. "Lakini mimi ni fundi. Mama yangu alikuwa fundi. Hiki ndicho kitu pekee ambacho nikikifanya najua nimekifanya."

Wiki tatu zijazo, siku ya Jumanne, Mama Pindo ataingia chumba cha upasuaji, avalishwe joho alilolishona mwenyewe. Hatapasuliwa mkono. Atapunguzwa matiti.

Msomaji asishangae haraka. Hata mwandishi wa makala haya alipoambiwa hivyo mara ya kwanza aliutazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono, na hakuona chochote. Mbele yake alikaa mwanamke mnene kiasi, ndani ya koti pana la kazi la buluu, basi. Na hapo ndipo penye msiba wenyewe. Koti lile lilishonwa ili mtu asione, na aliyelishona anaijua kazi yake.

Matiti yake yalianza kukua akiwa na miaka kumi na miwili, na hayakujua pa kusimama. Mwaka uliofuata wavulana darasani waliacha kumwita jina lake, wakawa wanamwita "shangazi". Aliacha kukimbia. Aliacha kunyoosha mkono kujibu swali, maana mkono ukipanda shati nalo linapanda.

Mama yake alimwita chumbani. Alifunga mlango, akamvua shati, akampima kwa futi ya kushonea, akakaa kwenye cherehani mpaka jioni. Blauzi iliyotoka pale ilikuwa na kipande cha mbele cha mara mbili kinachoanguka kutoka begani bila kugusa kitu. Mifuko ilikuwa chini, karibu na nyonga, ili macho ya mtu yashuke huko. Ndani kulikuwa na kizibao cha pamba nene kinachobana kila kitu dhidi ya mbavu.

"Aliniambia, mwanangu, watu hawaoni mwili, wanaona nguo," anakumbuka. "Kwa hiyo jifunze kushona. Nikajifunza."

Alijifunza kweli. Alipoajiriwa hospitalini alikuwa anaweza kumkatia nguo mtu yeyote mwenye kasoro yoyote, na mtu huyo akatoka mlangoni amenyooka. Lakini kinyozi hajinyoi. Sidiria za dukani zilikuwa zinamkatikia mikanda kila mwezi, na za saizi yake hazikuwepo. Akajishonea. Na kwa mikanda, akatumia kile alichokuwa nacho mezani, masalio ya mikanda ya machela.

Mkanda wa machela umetengenezwa kumfunga mtu mzima asianguke. Ni mgumu, hauvutiki, haukatiki. Upana wake ni vidole vinne, na kama angeuacha hivyo ulivyo pengine leo tusingekuwa na habari ya kuandika. Lakini mkanda mpana ungechungulia kwenye kola. Mama Pindo akaukata ukawa wa kidole kimoja, akaupinda kingo kwa ustadi, akauvaa. Ameuvaa miaka kumi na mitano.

Ganzi ilianza miaka minne iliyopita, kwenye kidole cha mwisho. Asubuhi kinaamka kimelala, mchana kinawasha kama kimepakwa pilipili. Kisha kikafuata cha pete. Akaenda kwa daktari wa wagonjwa wa nje, ghorofa ya kwanza, juu tu ya chumba chake.

"Nilimwambia ni mkasi," anasema. "Mkasi wa kukatia majoho ni mzito. Naye akaona sawa, fundi na mkasi wake. Nikapandisha mkono wa koti, akanishika kiwiko, akanishika kifundo, akaandika dawa. Hakuna aliyeniambia nivue koti, na mimi nisingelivua."

Alikwenda mara kumi na moja. Alipewa vidonge, akachomwa sindano ya kiwiko, akafungwa bandeji ngumu. Akabadilisha mkasi mara mbili. Akajishonea mto mdogo wa kuegemeza kiwiko, na mto huo, kwa kweli, ni mzuri mno. Wakati wote huo shingo ilikuwa inauma, mgongo unauma, na chini ya matiti ngozi ilikuwa imelika kwa jasho mpaka ikatoa vidonda. Hayo hakuyataja kwa yeyote.

Mwaka jana, asubuhi moja ya kawaida, aliona damu kwenye shuka alilokuwa anashona. Akakasirika. Akaita watu wa dobi, akawasema kwamba wanamletea mashuka yasiyofuliwa, kwamba huo ni uchafu, kwamba atawashtaki. Watu wa dobi wakasimama pale wanaangalia damu ikiongezeka.

Bi Pasi ndiye aliyeizima cherehani. "Nikamwambia, mdogo wangu, hebu nipe mkono wako. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole cha pete, imetoka upande wa pili, na yeye bado anagomba. Hajasikia kitu. Nimefanya kazi hospitali miaka thelathini na moja, nimeona damu ya kila aina. Ile ilinitia baridi."

Damu ilikuwa imeingia mpaka ndani ya mkono wa koti. Bi Pasi akamvuta kwenye sinki na kumvua koti kwa nguvu, yeye akivutana naye kwa mkono mmoja. Kizibao kikateleza. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afunge ule mlango, mtu mwingine aliyaona mabega ya Mama Pindo mchana kweupe.

"Kidole changu kililala ndani ya ule mfereji," anasema Bi Pasi, na sauti yake inashuka. "Ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, kama kisigino. Na hayo matiti yamefika hapa, kiunoni, yamefungwa na vitambaa kama mzigo wa safari. Nikamwambia, mwenzangu, mficha uchi hazai. Umekaa na madaktari mia mbili juu ya kichwa chako, unakufa na tai shingoni."

Bi Pasi hakuomba miadi. Alimfunga shuka safi mabegani, akampandisha ghorofa ya pili, akagonga mlango wa daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Daktari huyo ni mwanamke ambaye hospitali nzima humwita Daktari Mfupi akiwa hayupo. Yeye analijua jina hilo na hajali. Kazi zake nyingi ni watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka na watu walioungua. Kwa miaka tisa majoho yake yamekuwa yakipunguzwa urefu na Mama Pindo.

"Nilimwambia avue shuka, nikayaona yale mabega," anasema daktari. "Miaka tisa naingia chumbani kwake. Ananipima, ananizunguka, anapiga goti mbele yangu. Nilikuwa namwambia naumwa mgongo kwa kusimama sana. Yeye ndiye alikuwa ananipa pole."

Tatizo la vidole halikuwa kwenye kiwiko peke yake, wala si mkasi. Mikanda ile ilikuwa imekandamiza mabega kwa miaka, na uzito ukivuta shingo na mabega mbele, mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi ilikuwa imebanwa huko juu, kabla haijafika popote. Daktari aliikata mikanda ya machela siku hiyo hiyo. Lakini mzigo wenyewe uliokuwa unaning'inia bado ulikuwepo.

"Watu wakisikia kupunguza matiti wanafikiria urembo," anasema. "Kwa mwaka napata wanawake wawili au watatu wanaokuja kwa ajili hiyo. Sijaona hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza atapendezaje. Wanauliza shingo itaacha kuuma? Nitaweza kukimbia? Nitapata usingizi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Alimweleza kila kitu, naye Mama Pindo anayarudia maelezo hayo leo kama mtu aliyehifadhi vipimo vya mteja. Kwanza matiti hupigwa picha ndani ili kuhakikisha hakuna uvimbe. Uzito wa mwili uwe umetulia. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla, maana moshi huzuia kidonda kupona. Anayenyonyesha asubiri amalize. Anayetarajia kuzaa na kunyonyesha ni vizuri asubiri kama anaweza, kwa sababu baada ya upasuaji maziwa huenda yasitoke, au yasitoshe. Na msichana ambaye mwili bado unakua mara nyingi husubirishwa mpaka utulie, asije akapasuliwa mara mbili.

Siku yenyewe mgonjwa hulazwa usingizi kabisa. Kazi huchukua saa tatu hadi nne. Daktari hukata kuzunguka weusi wa chuchu, hushuka chini moja kwa moja, kisha hufuata mkunjo wa chini ya titi. Nyama na mafuta ya ziada hutolewa na kupelekwa maabara, chuchu hupandishwa mahali pake papya, ngozi hushonwa. Kwa Mama Pindo, daktari anakadiria kutoa zaidi ya kilo moja kila upande.

Hapo mgonjwa aliuliza swali lake la kwanza. Alitaka kujua wanashona kwa uzi gani, na mshono wa ndani unatangulia au wa juu.

"Nikafungua droo nikamwonyesha uzi," daktari anasema. "Akauvuta, akaulamba, akasema haufai kwa shuka. Ni mara ya kwanza mgonjwa kunikagua."

Makovu yatabaki. Yatafifia mwaka hadi mwaka, lakini yatabaki. Chuchu inaweza kupoteza hisia, kwa muda au kwa maisha. Matiti huenda yasilingane sawasawa. Kidonda kinaweza kutoa damu, kuingia wadudu, au kuchelewa kufunga, na kwa wachache sana chuchu yenyewe hufa. Baada ya upasuaji huwekwa mirija ya kutoa majimaji kwa siku moja au mbili. Mgonjwa hulala chali, huvaa sidiria ya kubana inayofunguka mbele, hanyanyui kitu kizito wala kupandisha mikono juu ya mabega kwa takribani wiki sita. Na akija kunenepa sana, yanaweza kukua tena.

Alisikiliza yote, akasema sawa. Alidhani lililobaki ni kupangiwa siku.

Gharama ya upasuaji huo ingemla mshahara wa mwaka mzima, kwa hiyo maombi yalipelekwa bima ya wafanyakazi. Jibu lilirudi baada ya wiki tano. Lilikuwa na mistari mitatu. Upasuaji ulioombwa unahesabiwa kuwa wa urembo, kwa sababu hakuna mahali popote katika faili la mwombaji panapoonyesha kuwa matiti yake yamewahi kumsumbua.

Mwandishi ameliona faili hilo. Lina kurasa kumi na moja, moja kwa kila safari aliyopanda ghorofa ya kwanza. Kila ukurasa umeandikwa mkono, kidole, kiwiko, mkasi. Hakuna shingo, hakuna mgongo, hakuna bega. Hakuna vidonda vya chini ya titi. Kwenye nafasi ya "malalamiko mengine" madaktari tofauti, kwa mwandiko tofauti, wameandika neno moja mara kumi na moja: hana.

"Barua haikusema uongo," anasema Mama Pindo. Anaangalia shuka lililo mbele yake. "Hilo ndilo lililoniliza. Ningekuta wamenionea ningepigana nao. Lakini waliniamini. Kila mtu aliniamini."

Bima ilitaka ushahidi wa miezi sita. Kwa hiyo ilibidi aanze upya kuumwa, safari hii kwa maandishi. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwa mtaalamu wa viungo akanyooshwa shingo. Kila mwezi daktari wa ngozi aliandika ukubwa wa vidonda vyake. Na ilihitajika picha.

Mpiga picha wa hospitali ni mwanamume, kijana mwenye adabu zake. Mama Pindo alikuwa amemshonea zipu wiki mbili kabla. Alipomwona mlangoni na kamera akageuka ukutani. Daktari akamwomba kijana kamera, akamtoa nje, akafunga mlango.

"Alisimama pale bila nguo ya juu, mikono ameishika mbele kama mtoto aliyeitwa ofisini," daktari anasema. "Akaniuliza kama kichwa kitaonekana. Nikamwambia hakihitajiki. Akasema basi piga, huyo si mimi. Nimepiga picha za watu walioungua mwili mzima bila kurudia hata moja. Siku ile ilibidi nirudie."

Nyumbani, mumewe, fundi bomba, alisikia habari za upasuaji kwa mara ya kwanza barua ya bima ilipofika. Wameoana miaka ishirini na mmoja na wana watoto watatu. Ni mtu wa maneno machache. Alikuja hospitalini na mfuko wake wa spana kuzungumza na mwandishi, akakaa pembeni kabisa ya benchi mle chumbani kwa mkewe.

"Nilijua ni mkubwa wa kifua, mimi si kipofu," anasema. "Sikujua panauma. Alikuwa anavua nguo taa ikishazimwa. Nikimkumbatia anakakamaa, nikadhani hapendi kukumbatiwa, nikaacha. Alama za mabegani niliziona, nikauliza mara moja, akasema ni mikanda tu. Sikuuliza tena. Hilo ni langu, nitalijibu mimi."

Mama Pindo aliyasikia hayo kutoka kwenye stuli yake. Hakuinua kichwa, lakini mguu wake ukatoka kwenye kanyagio la cherehani.

Katika ile miezi sita ya kukusanya ushahidi, vidole viwili vilianza kujikunja. Kipimo cha mishipa ya fahamu kilichofanywa mwezi uliopita kilionyesha kuwa sehemu ya mshipa haijibu tena. Ruhusa ya bima ilifika siku nne baada ya majibu hayo.

"Mzigo nitautoa," daktari alimwambia. "Shingo itapumua, mgongo utapumua, ngozi itapona. Vidole siwezi kukuahidi. Ungekuja miaka mitatu nyuma ningekuahidi. Hata ile miezi sita naililia. Kwa hiyo nakuuliza tena, ukijua kwamba mkono huenda usirudi, bado unataka?"

Alijibu bado anataka. Alipoulizwa na mwandishi kwa nini, alikunja ncha ya shuka, akaikunjua.

Alianza na habari za mama yake, aliyefariki miaka sita iliyopita. Wiki zake za mwisho alilazwa wodi ya wanawake, juu kidogo tu ya chumba hiki, na Mama Pindo alikuwa akipanda jioni kumwogesha. Siku moja alimshusha gauni na kukuta mabegani mwake mifereji miwili, mirefu kuliko yake. Mama yake alivuta shuka haraka akajifunika mpaka shingoni.

"Tulikuwa mafundi wawili nyumba moja," anasema. "Kila mmoja amejificha kwa mwenzake. Sikumwambia kitu. Nilimaliza kumwogesha kwa juu ya shuka."

Kisha kuna binti yake, kitinda mimba wake, mwenye miaka kumi na minne. Mwezi wa pili wa kusubiri bima, Mama Pindo alikuwa anafua mashati ya shule. Akashika shati moja likamjia zito mkononi. Akaligeuza ndani nje. Kipande cha mbele kilikuwa kimefumuliwa na kushonwa upya mara mbili, kikianguka kutoka begani. Mfuko wa kifuani ulikuwa umebanduliwa na kupelekwa chini. Hakuna aliyemfundisha. Mtoto alikuwa amelichukua koti la mama yake linapotundikwa nyuma ya mlango, akalisoma kwa vidole, akaliiga.

"Mshono ulikuwa mzuri," anasema, na sasa machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Umenyooka, umefungwa ncha vizuri. Nikakaa chini kwenye maji ya kufulia nikalia, maana kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni kumsifu."

Usiku ule hakumfokea wala kumfunga mlango. Alivua koti, akavua kizibao, akakaa kitandani kwa binti taa ikiwaka, akamwonyesha mabega. Akamwonyesha na vile vidole. Binti aliangalia, akauliza swali moja tu, kama na yeye atasubiri mpaka afike arobaini.

Hilo swali ndilo linalompeleka Mama Pindo kwenye kisu, zaidi ya shingo na zaidi ya mgongo. Anaogopa. Anakiri kwamba anaogopa usingizi wa dawa kuliko kisu, na kwamba amemwomba Bi Pasi akae mlangoni mpaka atoke. Ameshajishonea sidiria mbili za kuvaa baadaye, zinazofunguka mbele, mikanda mipana, laini, ya pamba. Zilimchukua siku tisa. Zamani zingemchukua mchana mmoja.

"Mkono ukirudi, narudi kwenye cherehani yangu," anasema. "Usiporudi nitahesabu mashuka, nitazoea. Nilishazoea makubwa. Lakini nataka mtoto anione nimetoka mle ndani nimesimama wima, ajue hili ni jambo linalosemwa."

Ijumaa iliyopita, baada ya kazi, alimpandisha binti yake ghorofa ya kwanza, kwenye dirisha la mapokezi ya wagonjwa wa nje. Daktari Mfupi alishamwambia kwamba mtoto bado anakua, kwamba kwa sasa anahitaji sidiria inayomfaa, mazoezi ya mgongo na mtu wa kumfuatilia, na upasuaji ni habari ya baadaye, kama utahitajika. Mama Pindo alielewa. Hakwenda kuomba upasuaji, alikwenda kufungua faili.

Muuguzi alichukua jalada jipya, akaandika jina na umri, akauliza tatizo ni nini.

Binti alimgeukia mama yake. Mama Pindo alikuwa ameshajiandaa kusema kwa niaba yake, njiani kote alikuwa ameyapanga maneno. Lakini alifunga mdomo akasubiri. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kunung'unika.

"Kifua kinaniuma," msichana akasema, kwa sauti ya chini. "Kizito. Na mabega, na shingo. Na nikikimbia wananicheka."

Muuguzi aliandika. Alipotaka kulifunga jalada, Mama Pindo aliingiza mkono dirishani, ule mkono wa kulia, akaweka kiganja juu yake.

"Nisomee ulichoandika, mwanangu," alisema.

Muuguzi akamsomea, neno kwa neno, mpaka kwenye kuchekwa.

"Asante," Mama Pindo akasema. "Sasa andika na tarehe."